Barua kwa Sanga: namna ya kuisoma dashibodi ya Hilux yako

Morogoro

Ndugu yangu Sanga,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Nimefurahi kusikia pikapu imefika Njombe salama. Umeniuliza maana ya zile taa za dashibodi, ukaniambia ni Hilux Vigo, dizeli ya 2.5, injini ya 2KD, gea za mkono na fowili (magurudumu yote manne kuvuta) ya kuingiza kwa mkono. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu gari hilo litakuwa likishuka mteremko mkali wa Kitonga na mzigo wa viazi, na dereva asiyesoma dashibodi huijua kasoro ikiwa imeshakula injini.

Anza na hili, maana madereva wengi hawalifanyi. Usipige stata moja kwa moja. Zungusha ufunguo hadi ON, acha hapo, tazama. Taa karibu zote zinawaka: ya oili, ya betri, ya breki, ya injini, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), ya mifuko ya hewa. Zinajipima. Ya ABS na ya mifuko ya hewa zitazimika zenyewe baada ya sekunde chache. Ya oili na ya betri zinangoja injini iwake. Taa ambayo haikuwaka kabisa hapo ON ndiyo ya kukutia wasiwasi. Aidha balbu imeungua, aidha waya umekatika, au mtu ameitoa makusudi ili mnunuzi asione kasoro. Kwenye magari yaliyotumika mtindo huo upo sana. Asubuhi moja ya wiki hii kaa na kitabu cha gari mkononi, uhakikishe kila taa ya onyo iliyochorwa humo inawaka kwenye gari lako. Ikikosekana ya oili au ya injini, usipakie mzigo hadi fundi aseme kwa nini.

Wakati huohuo utaona taa ya njano yenye mchoro wa waya uliojikunja. Hiyo ni ya hita, vile viplagi vinavyopasha moto chumba cha silinda. Ngoja izimike ndipo upige stata. Dar es Salaam mtu anaweza asiijali maisha yake yote, lakini Njombe mwezi wa 6 na wa 7 utaihitaji. Hita zikifa, gari linawaka kwa shida asubuhi na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, halafu likishapata moto linatulia. Stata usiishikilie zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, ipumzishe, urudie.

Sasa rangi. Nyekundu ikiwaka ukiwa barabarani, tafuta pa kusimama. Njano, unaweza kuendelea kwa uangalifu, ila usiizoee. Kijani na bluu zinakuarifu tu kwamba kitu kimewashwa. Bluu ni taa kubwa za mbele. Ukipishana na gari ishushe.

Katika nyekundu, ya kwanza ni ile ya birika la oili. Watu wengi hudhani inasema oili imepungua. Inasema presha ya oili imeanguka, na hilo ni baya zaidi. Ikiwaka, zima injini papo hapo, usiseme utafika kituo kinachofuata. Dakika moja au mbili zinatosha kunokisha injini. Subiri dakika tano oili ishuke chini, toa kijiti, kifute, kirudishe, kitoe tena usome. Injini hii inachukua karibu lita 7 pamoja na filta. Kama kijiti ni kikavu, umejua sababu. Kama oili ipo ya kutosha na taa bado inawaka, hasa ikipepesa gari likiwa moto na likiwa sailensa (injini inawaka, mguu hauko kwenye mafuta), usiliwashe tena, livutwe. Kwenye injini za KD kuna sababu inayojulikana na mafundi: washa (pete nyembamba) za shaba chini ya nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli, zikivuja, gesi ya mlipuko inapanda ndani ya kava la juu, oili inakuwa nyeusi na nzito, masizi yanashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kuziba chujio linalonyonya oili. Kijiti kitakuonyesha oili imejaa huku juu hakuna kinachofika. Kwa hiyo ukisikia mlio wa tsh-tsh-tsh kutoka eneo la nozeli asubuhi, au ukiona uji mweusi kuzunguka nozeli, mwambie fundi abadilishe washa hizo na afungue sampu asafishe chujio. Washa zenyewe ni kitu kidogo ukilinganisha na bei ya injini.

Taa ya betri nayo inadanganya kwa jina lake. Ikiwaka safarini, alteneta haichaji, na mara nyingi ni mkanda umelegea au umekatika. Mkanda huo ndio unaozungusha pia pampu ya maji. Ndiyo maana nakuomba ukiona taa ya betri usiseme "nina chaji ya kunifikisha". Simama, fungua boneti, tazama mkanda. Kama upo na umekaza, unaweza kwenda taratibu mchana, feni ya ndani na redio vikiwa vimezimwa. Kama haupo, huendi popote, maana maji hayazunguki.

Hapo tunafika kwenye geji ya joto. Mshale wake ukishapanda hukaa chini kidogo ya katikati na hauchezi. Umetengenezwa hivyo ili usimsumbue dereva: joto la maji hupanda na kushuka kwa digrii kadhaa na mshale ubaki palepale. Maana yake, siku ukiuona umesogea hata kidogo juu ya mahali pake pa kila siku, joto limeshavuka mpaka. Usingoje ufike kwenye alama ya H, ya moto kupita kiasi. Punguza mwendo, zima AC, washa hita ya ndani ya gari kwa nguvu yote na fungua vioo. Hita inanyonya joto kutoka kwenye maji. Ukisimama usizime ghafla kama maji bado yamo na mkanda unazunguka. Acha sailensa dakika chache mshale urudi. Lakini ukiona mvuke, au maji yanamwagika, zima. Na kifuniko cha rejeta usikifungue hadi mpira wa juu uweze kushikika kwa mkono mtupu.

Kuna hatari nyingine hapa. Maji yakiisha ghafla, sensa inabaki ndani ya mvuke au hewa, na geji inaweza kusoma joto la kawaida, au hata kushuka, huku injini inaungua. Dalili yake ni hita ya ndani kupuliza hewa baridi wakati injini ni ya moto. Tazama chupa ya akiba kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kiwango kikishuka kila wiki bila tone chini ya gari, shuku gasketi ya hedi.

Taa nyekundu ya breki ina kazi zaidi ya moja. Kwanza ni handibreki iliyobaki imevutwa. Umeshusha na bado inawaka, au inapepesa ukikata kona? Mafuta ya breki yamepungua kwenye kopo, na mara nyingi ni kwa sababu pedi zimeisha na pistoni zimetoka nje. Ukijaza tu kopo bila kutazama pedi umeificha taa, hujatibu kitu. Ikiwaka pamoja na ya ABS, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Nenda polepole hadi kwa fundi. Ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, ila kwenye matope usizitegemee kama zamani.

Ukishuka Kitonga na mzigo, geji ya kutazama ni ya mizunguko ya injini kwa dakika. Ingia gea ya 3 au ya 2 kabla mteremko haujaanza, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, acha injini ishike gari. Mizunguko 2,500 hadi 3,500 haina ubaya, na mguu ukiwa juu injini hainyunyizi dizeli. Mstari mwekundu uko juu ya 4,000. Ukiukaribia gusa breki, ushuke mwendo, uachie. Usishuke nyutro, na usizime injini hata kwa sekunde: nguvu inayosaidia pedali ya breki inaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani unakuwa mzito. Ukipanda, nguvu ya injini hii iko kati ya 1,600 na 2,400. Chini ya hapo usiilazimishe na gea kubwa, inahema bure na joto linapanda. Ukimaliza mlima mrefu usizime papo hapo, acha sailensa dakika 2 ili turbo ipoe oili ikiwa bado inapita.

Na kwa kuwa ni viazi: gari hili ni la tani moja. Magunia kumi ya kilo 100 tayari yamefika, na lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) si kilo 100. Hakuna taa ya kukuambia umezidisha. Utaiona kwenye geji ya joto na kwenye pedi. Mzigo ukiwa nyuma, pua inainuka na taa zinawapiga wenzako machoni. Karibu na usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Gari tupu kiache 0. Umepakia, zungusha hadi mwanga ushuke.

T-BELT ni taa ya njano yenye maandishi hayohayo, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Haiuoni mkanda wa taimingi, ule unaofanya vavu zifunguke kwa wakati wake. Inahesabu kilomita tu: 150,000 kwa magari ya masoko mengi, 100,000 kwa mengine. Ikifika hesabu yake inawaka, fundi akibadilisha mkanda anairudisha sifuri. Mtu yeyote anaweza kuirudisha sifuri bila kubadilisha chochote. Dashibodi ikiwa imebadilishwa au kilomita zimerudishwa nyuma, hesabu yote ni uongo. Mkanda huo ukikatika, vavu zinagongana na pistoni na hedi inafunguliwa. Kama aliyekuuzia hana risiti wala kibandiko kinachoonyesha ulibadilishwa kwa kilomita ngapi, ubadilishe sasa pamoja na tenshena yake (kikaza mkanda), uandike kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye kava. Angalia na matairi pia: yakiwa makubwa kuliko ya kiwandani, tuseme kwa asilimia 5, spidi ikisoma 80 wewe uko 84, na kilomita zinahesabiwa pungufu.

Taa ya filta ya dizeli, yenye mchoro wa filta na matone, inasema maji yamejaa chini ya filta. Ukinunua dizeli ya madumu utaiona mapema. Zima injini, weka kopo chini ya filta, legeza kizibo cha chini mizunguko 2 hadi 2 na nusu, usikitoe chote. Kisha pampu kwa mkono kile kitufe kikubwa juu ya filta hadi itoke dizeli safi. Kaza kwa vidole tu, bila spana. Ukiipuuza, maji yanakula pampu ya presha na nozeli, na hizo ndizo spea za bei mbaya kuliko zote kwenye gari hili. Kwa sababu hiyohiyo usiishi kwenye robo ya mwisho ya tangi. Geji ya mafuta inayumba kwenye milima. Kipimo cha kweli ni kujaza hadi juu, kurudisha trip (kihesabu cha kilomita za safari) sifuri, na kugawa kilomita kwa lita utakapojaza tena.

Taa ya injini ya njano haina jibu moja. Gari likikosa nguvu na taa ikawaka, mara nyingi ni mpira wa turbo uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, EGR (vavu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyojaa masizi, au vavu ya pampu ya presha iliyochafuliwa na dizeli mbaya. Tazama mipira na filta ya hewa mwenyewe, kisha fundi alichomekee mashine kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi. Dai usomewe kodi (namba za hitilafu) na uziandike kabla hajazifuta. Fundi anayefuta kwanza amekupotezea ushahidi.

Fowili ni fupi. H2, magurudumu mawili yakivuta, ni ya lami. H4, yote manne yakivuta, ni ya matope na changarawe inayoteleza. Unaingiza ukiwa umenyoosha usukani, mwendo mdogo. L4, yote manne kwa gea nzito, ingiza gari likiwa limesimama, klachi chini. Lami kavu usitumie H4 wala L4: magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na gia zinajikaza. Ukirudi H2 na taa ya kijani ikaendelea kuwaka au kupepesa, nenda mbele taratibu, rudi nyuma mita chache, itaachia. Kama lako lina kitufe cha kufunga difu ya nyuma, kibonyeze ukiwa umesimama, ukitoka matopeni ufungue kabla ya kukata kona.

Nitumie kwenye simu picha ya dashibodi ufunguo ukiwa ON, injini haijawaka, na nyingine injini ikiwa sailensa baada ya dakika kumi. Nitumie na picha ya kijiti cha oili. Nikishaziona nitakwambia kama gari lianze kupakia au lipite kwanza kwa fundi.

Rafiki yako wa siku zote,
Mlacha