Rehema, usiifute ile ya pili

Rehema mpenzi,

Mambo mwenzangu. Zile imeli mbili ulizonitumia jana usiku nimeziona, na niseme ukweli nilivyosoma "nimeshinda mamilioni, nifanyeje" nilishtuka, nikaogopa usije ukawa ushabofya kitu. Kama hujagusa kaa hivohivo. Nakuandikia kirefu manake kwenye simu tutaongea juujuu alafu litapita, na mi nataka ulielewe mwenyewe ili siku nyingine nisipopatikana ujue pa kuanzia.

Ile kubwa yenye nembo na rangi za dhahabu ni ya matapeli. Ile ndogo ya hedifoni, uliyoandika "hii takataka naifuta", ndo naona ya kweli. Tafadhali usiifute.

Nianze na kubwa. Wanasema ni bahati nasibu ya Hispania, ile ya El Gordo. Hiyo droo ipo kweli, ilianza 1812 na siku hizi huchezeshwa kila tarehe 22 Desemba, ila mtu hushinda kwa tiketi aliyonunua. We tiketi ulinunua lini? Wenyewe wanadai eti anwani yako iliokotwa na kompyuta kati ya watumiaji wote wa imeli duniani, na hapo ndo pa kuwashikia, hakuna droo inayompa ushindi mtu ambaye hakuingia. Alafu angalia wanavyokuita, "Mpendwa Mshindi", yaani mtu anataka akupe mamilioni na hajui unaitwa nani. Mwishoni wanataka ujibu kwa anwani nyingine kabisa, ya bure ambayo yeyote anafungua kwa dakika mbili, na wanakwambia usimwambie mtu mpaka pesa itoke. Hilo la siri linanikera kuliko yote, manake wanajua ukimwambia mtu mmoja tu mwenye akili timamu atakuzuia.

Na ile "ada ya kuachilia fedha" usiifikirie hata mara moja. Zawadi ya droo hailipiwi. Marekani, ambako hizi droo za makampuni ni nyingi sana, sheria inakataza kukulazimisha ununue kitu au ulipe ndo upate nafasi ya kushinda. Kodi ikiwepo inaenda serikalini, huwezi kuitwa umtumie mtu binafsi kwa kadi za zawadi au sarafu za mtandaoni. Wengine wanakuja na cheki, wanakutumia cheki ya kughushi unaiweka benki, pesa inaonekana kwenye akaunti unafurahi, wanakwambia warudishie sehemu kidogo ya gharama, wiki kadhaa baadae benki inagundua cheki ni feki na deni lote linabaki kwako.

Ila pesa sio ndo kilichonitisha zaidi, ni lile faili walilobandika. Umeona jina lake linaishia .pdf.exe? Hiyo sio hati ya ushindi, hiyo ni programu, ukiifungua inaanza kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Windows kwa kawaida huficha kipande cha mwisho cha jina kwahiyo wengi wanaona .pdf tu wanajua ni karatasi ya kusoma. Huu ujanja ni wa zamani, kirusi cha ILOVEYOU cha mwezi Mei 2000 kiliingia hivohivo, faili lilikuwa linaishia .TXT.vbs, watu wakaona TXT wakafungua wakijua ni barua ya mapenzi, kikajituma chenyewe kwa kila aliyekuwa kwenye orodha ya anwani zao na kikafika kwenye mamilioni ya kompyuta ndani ya siku chache. Kwahiyo hata faili likitoka kwangu mimi na hukulitegemea, nipigie kwanza. Jihadhari pia na faili la ZIP, yaani lililobanwa, lenye paswadi alafu paswadi yenyewe wameiandika hapohapo kwenye imeli, wanafanya hivo ili programu za kukagua virusi zisiweze kuchungulia ndani. Na hati ya Word ikikuomba uruhusu makro, yaani vijiprogramu vilivyofichwa ndani yake, ndo uisome, funga.

Sasa hii ndogo. Nimekaa nayo karibu saa nzima.

Kilichokufanya uidharau nimekielewa, iliangukia kwenye spamu, lile folda la imeli taka, imeandikwa kikavu, na aliyetuma ni kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Lakini Rehema, makampuni makubwa mengi droo zao hawaziendeshi wenyewe, wanawapa mawakala wa promosheni, kwahiyo jina geni peke yake sio dalili ya utapeli. Hawa wanakuita kwa jina lako kamili, wanataja shindano lenyewe na tarehe lilipofungwa, na zawadi ni hedifoni tu. Linki yao sikuigusa. Niliandika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni yenye bidhaa, nikatafuta vigezo na masharti ya lile shindano nikasoma mpaka chini, kule kwenye maandishi madogo ambako hakuna mtu anasoma. Jina la wakala lipo, ndo yuleyule. Zawadi ndo ileile. Na wameandika mshindi atajulishwa kwa imeli na ana siku 5 za kujibu, asipojibu wanachagua mwingine. Ndo maana mi huwa sikubaliani na wanaosema ukiona haraka ujue ni wizi, hata za kweli zina mwisho wake.

Sisemi haya kwa kukisia. Mwaka juzi nilishinda kamera, kampuni siitaji jina, imeli ikaingia kwenye spamu ikakaa huko mi sina habari, nilipoikuta muda ulikuwa umeshapita na kamera imeshaenda kwa mwingine, niliwaandikia kuwaomba wakanijibu kwa upole kwamba masharti ni masharti. Niliumia mno. Na ningechelewa zaidi nisingeiona kabisa manake Gmail inafuta yenyewe vitu vya spamu baada ya siku 30. Toka siku hiyo naangalia folda ya spamu kila baada ya siku mbili, naangalia vichwa tu bila kufungua hovyo, na nina daftari. Kila droo ninayoingia naandika jina lake, mdhamini, zawadi na tarehe ya kufungwa. Ikija imeli ya ushindi naenda kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote. Haimo, basi. Imo lakini droo haijafungwa bado, uongo. Zawadi haifanani, uongo. Nakuomba sana na we uanze lako leo, na ufungue anwani nyingine ya imeli kwa ajili ya hizi droo tu, isiwe ileile ya benki, hapo ukipata ujumbe wa ushindi kwenye anwani ambayo hujawahi kuingilia shindano lolote umeshapata jibu.

Linki uliniuliza unazisomaje. Ukishairuka ile https:// ya mwanzo, soma mpaka mkwaju (/) wa kwanza alafu rudi nyuma, mwenye tovuti ni yule wa mwisho kabla ya mkwaju. Yaani ukiona jinalakampuni.com.zawadizako.net/ hapo mwenyewe ni zawadizako.net, hilo jina la mwanzo wamelitanguliza kama pambo. Kale kakufuli kanakotokea kando ya anwani ya tovuti wala kasikudanganye, kanaonyesha kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa watu wasichungulie, hakasemi aliyeko upande wa pili ni mtu mwema, matapeli nao wanako.

Fomu waliyokutumia hawa wa hedifoni wanataka jina, umri, anwani ya kupokelea mzigo na sahihi, hayo ni ya kawaida. Zawadi ikiwa kubwa wengine huomba na namba ya mlipakodi, hapo lazima uhakikishe mara mbili kwa kuwapigia kupitia namba uliyoitoa kwenye masharti, usitumie ile ya kwenye imeli. Paswadi, namba ya siri ya benki, namba za kadi, au zile tarakimu zinazokuja kwenye simu yako, hakuna mtoa zawadi anayezihitaji.

Sasa sikia, nimehesabu, leo ni siku ya nne. Fungua tovuti ya ile kampuni mwenyewe, masharti yapo chini kabisa ya ukurasa, chukua anwani ya wakala iliyoandikwa pale uwaandikie leo hii kwamba umepokea taarifa na unaikubali, bandika na fomu yao uliyojaza. Ile ya mamilioni iripoti kama spamu alafu ifute, usiwajibu hata kuwatukana, manake ukijibu wanajua anwani yako ina mtu. Ukishatuma nitumie skrinshoti, nitakuwa macho mpaka saa sita usiku.

Wako,
Mwanahawa