Tutengenezewe pa kusimama Bonde la Ruaha

Ndugu Mhariri,

Nauza vitunguu soko la Temeke Stereo. Mwaka wa kumi na mbili huu napanda Fuso kwenda Ruaha Mbuyuni kufuata mzigo, na nyanya zikipanda bei naendelea hadi Ilula.

Ukishaiacha Mikumi, kabla hujafika Mbuyuni, barabara inaingia bondeni. Milima inakusogelea huku na huku, Mto Ruaha Mkuu unakuwa ubavuni mwako, halafu mibuyu inaanza. Imejaa hadi juu mlimani. Kiangazi haina hata jani, rangi ya majivu tupu. Ikinyesha mvua kidogo inachipua kijani, unaweza kudhani umepotea njia. Maji yale yanatoka bwawa la Mtera, yanateremka Kidatu kuendesha mitambo ya megawati 204. Nikiwasha taa kibandani kwangu huwa naukumbuka ule mto.

Safari iliyopita nilikwenda na mjukuu wangu wa darasa la tano. Mto anaoujua yeye ni Msimbazi, wenye chupa na mifuko. Alipoyaona maji ya Ruaha yakitoa povu kwenye mawe, akaomba tusimame. Dereva akanijibu kwa upole: "Mama, hapa nikisimama tutagongwa kwa nyuma." Alisema kweli. Upande mmoja mwamba, upande wa pili mto, na nyuma yetu semi tatu zinazokwenda Tunduma. Mtoto alibaki amegeuza shingo hadi mibuyu ikaisha.

Barabara hii ya kwenda Zambia imezaliwa na shida. Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia yake ya mafuta iliyopita huko, ndipo malori yakaanza kuyapitisha huku kwa mapipa, juu ya vumbi na matope. Marehemu baba alikuwa utingo kwenye malori hayo. Alitusimulia walivyokwama siku mbili bondeni, wakalala chini ya gari wakisikiliza mto. Lami ilikuja baadaye, ikawekwa kwa ajili ya mizigo, wala silaumu. Ila siku hizi mabasi yanayotoka Mbezi yamejaa wanafunzi, wagonjwa na wazee wanaokwenda misibani. Wote hao wanapitishwa mbio mahali ambapo wageni wangelipa kupaona.

Naomba wenye dhamana ya barabara watutengenezee japo sehemu mbili za kuegesha, moja kwenye mibuyu na nyingine juu ya mlima Kitonga, pale magari ya kutoka Iringa yanapotaka kuanza kushuka. Dereva wa lori akague breki zake kabla ya zile kona. Pawe na choo chenye maji, maana mabasi yakisimama kuchimba dawa sisi wanawake tunahangaika na vichaka, nyoka wapo, na watu wanatuona. Pawe na pipa la taka, kwa sababu chupa zinazorushwa dirishani naziona zikiishia mtoni. Na wale kina mama wa Mbuyuni wanaokimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani wapewe kivuli cha kuuzia. Gari likiharibika pia lipate pa kuingia, badala ya kuachwa katikati ya kona na matawi ya miti yamewekwa nyuma yake kama alama.

Wiki ijayo nafuata mzigo tena. Mjukuu ameshaniuliza kama safari hii tutasimama, nikamwambia kwanza ngoja niandike gazetini.

Mama muuza vitunguu,
Temeke, Dar es Salaam