Namba chini ya ndoo haisemi yote

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaojitengenezea vifaa vya jikoni kwa plastiki sasa wamezoea kugeuza chombo na kusoma namba iliyo kwenye pembetatu. Hilo ni jema, ila namba hiyo hutaja aina ya plastiki tu. Haisemi kama chombo kiliundwa kwa ajili ya chakula, wala kilibeba nini jana. Ndoo ya rangi na ndoo ya mafuta ya kula zote zaweza kuwa namba 2, lakini plastiki hunywa kemikali na sabuni haizitoi. Ndoo ya rangi isiingie jikoni kabisa. Tafuteni pia alama ya glasi na uma, inayoonyesha kuwa chombo kiliundwa kwa ajili ya chakula.

Kwa ubao wa kukatia, namba 2 inatosha. Kwa chujio au faneli ya vitu vya moto chagueni namba 5, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi. Chupa ya maji, namba 1, hulegea kwenye nyuzi 70 hadi 80, hivyo faneli ya chupa haihimili chai iliyotoka jikoni. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180. Hapo hata namba 5 haifai.

Kipande kisicho na alama kitieni kwenye maji yenye tone la sabuni, viputo visikishikilie. Namba 2, 4 na 5 huelea; 1 na 3 huzama. Tafadhali msipime kwa kuchoma, kwani namba 3 ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu.

Kwenye kutoboa ndiko kazi nyingi huharibikia. Ukiona nyuzi za plastiki zimejiviringisha kwenye biti, yaani ncha ya kutobolea, na kingo za tundu zinang'aa, ujue plastiki inayeyuka, haikatiki. Punguza mwendo, toa biti mara kwa mara, weka ubao chini ya kipande. Kingo zikwangue kwa kisu kilichosimamishwa wima. Msasa huacha manyoya, nayo huishia kwenye chakula.

Gundi za kawaida hazishiki namba 2 wala 5; zitabanduka. Tumia skurubu za chuma kisichoshika kutu, na tundu liwe pana kuliko skurubu kwa milimita moja au mbili. Ubao wa plastiki wa sentimita 40 ukioshwa kwa maji ya moto hutanuka zaidi ya milimita moja, na ukibanwa kabisa utapinda katikati.

Fundi wa vyombo