Dada, uliniuliza nani alimwingiza Baba kaburini

Shikamoo, dada.

Swali lako la usiku ule sikulijibu. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na sauti yenyewe ilikataa kutoka. Najibu leo, na barua naiacha wazi, maana najua huko Muscat hamko wachache mliopokea msiba kwa simu.

Baba hakuumwa. Asubuhi aliendesha baiskeli mwenyewe hadi sokoni. Mchana alikula wali na samaki, akaswali Alasiri, akarudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, Barabara ya 14. Jirani anasema alishika kifua, akaomba maji, akakaa kwenye benchi. Maji yalipoletwa hakuweza kuyameza. Tulimpakia kwenye bajaji, nimempakata mimi, na nilijua kabla hatujafika. Daktari alisema ni moyo. Sikuuliza zaidi.

Tulimzika kesho yake baada ya Adhuhuri. Najua linalokuuma: tiketi uliyoipata ilikuwa ya keshokutwa. Wanaume wa ukoo tulikaa tukashauriana kukungoja, na Mama ndiye aliyesema asicheleweshwe. Usimlaumu, alisema huku analia. Na hata ungewahi, dada, makaburini usingekwenda. Ungebaki ndani na wanawake, umemshika Mama. Ya kaburini tungekusimulia tu, kama ninavyokusimulia sasa.

Tuliingia watatu: baba mdogo, mtoto wa shangazi na mimi. Tulimpokea, tukamlaza kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso ukielekea kibla. Kufungua vifundo vya sanda niliachiwa mimi. Vilikuwa vimekazwa sana. Nikavifungua taratibu, vile alivyotufundisha kufungua nati iliyoshika kutu: usiitie nguvu, ibembeleze kwanza. Alikuwa mwepesi, dada. Hilo sikulitegemea.

Kabla ya kwenda kuzika, baba mdogo alitangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu atuone sisi. Hakutokea mtu. Siku ya tatu, khitma imekwisha na watu wanatawanyika, akaja mtoto wa shule na sare zake, akasema anadai ringi. Alimwachia Baba asubuhi ileile. Nikaenda kufungua kibanda kwa mara ya kwanza. Ringi ilikuwa juu ya meza, spoki nusu zimekazwa, nusu bado. Beseni la kupimia pancha lilikuwa na maji yake. Nilikaa pale kwenye benchi nikalia mpaka mtoto wa watu akaogopa.

Unakumbuka alivyotugawia kazi? Mimi alinipa viraka: sugua kwa msasa, paka solusheni, ngoja ikauke, bandika. Spoki alikupa wewe. Alisema mimi nina mikono ila wewe una masikio. Ulikuwa ukizigusa kwa ukucha, mojamoja, kama mtu anayejaribu nyuzi za udi, unasikiliza ipi imelegea. Wapita njia walisimama kumwangalia msichana wa miaka 12 ananyoosha ringi. Baba alijifanya ana shughuli zake, lakini wewe ulikuwa umeinama, hukuona. Mimi nilimwona. Alikuwa hatazami kitu kingine.

Na tangu uondoke, kila jioni alitazama saa ya ukutani, akaongeza saa moja ya kwenu. "Sasa anaswali." "Sasa amepumzika." Hakuwa akimwambia mtu.

Ringi ya yule mtoto nimeimalizia, lakini inayumba. Nimemwambia aiendeshe hivyohivyo kwanza, mwenyewe akija ataitengeneza. Mama yumo edani, miezi 4 na siku 10, utamkuta ndani. Kile kispana kidogo cha spoki nimekifuta mafuta, nimekifunga kitambaa. Kimo kabatini mwa Mama, chini ya khanga zako.