Binti wa koo mbili

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako tu.

Lile swali lako, "kama tumetokana na nyani, mbona nyani bado wapo?", limenichekesha sana. Nani kakwambia nyani ni babu yetu? Hata sokwe, aliye karibu nasi zaidi, ni binamu tu. Babu yetu wa pamoja aliishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Uzao wake ukaachana njia. Sasa binamu yako atoweke kwa sababu wewe umezaliwa?

Ila mwenzio sokwe hanishughulishi. Kinachoninyima usingizi ni kipande cha mfupa, sentimita mbili na nusu hivi, kilichookotwa katika Pango la Denisova huko Siberia. Kilikuwa kimechanganyika na vipande zaidi ya 2,000, vingi vya wanyama. Ungekipita ukidhani ni kijiti. Kumbe ni cha msichana wa miaka 13 au zaidi, aliyeishi miaka 90,000 hivi iliyopita. Vinasaba vyake vilipotangazwa mwaka 2018, ikaonekana mama yake ni Mneandathali na baba yake Mdenisova, koo mbili za binadamu wa kale ambazo leo hazipo tena. Yaani si bibi wa bibi yake, ni mama mzazi! Svante Pääbo, mtaalamu wa vinasaba vya kale ambaye kundi lake ndilo lililofanya kazi hiyo, mwanzoni alidhani wamekosea mahali. Halafu baba mwenyewe naye alikutwa na chembe ya Uneandathali kutoka kwa wahenga wake. Kwa hiyo hawa watu walikuwa wakioana tangu zamani.

Unaikumbuka ile picha ya watu waliopanga foleni, wa kwanza kainama, wa mwisho kasimama wima? Inadanganya. Hapakuwa na foleni. Zamadamu wa aina kadhaa waliishi wakati mmoja, wakaachana na kukutana tena kama mafungu ya nywele kwenye msuko. Wazee wetu nao waliotoka Afrika wakaingia humohumo: takriban asilimia 2 ya vinasaba vya wazao wao wa leo imetoka kwa Waneandathali, na Watibeti wanaishi vizuri kwenye hewa nyepesi ya milimani kwa jeni waliyorithi kwa Wadenisova.

Watafiti humwita binti huyo Denny. Ukija tutabishana alilelewa ujombani au kwa baba. Nakujua, utashika upande wa mama.

Wako,
Zuhura