Fulu ya gari haiwaki? Soma hii kabla hujapiga dairekti (kuvuta waya toka betri moja kwa moja mpaka kwenye taa)

Kuna lawama moja inajirudia sana hapa gerejini kwetu Ngamiani, Tanga: "Fundi umegusa waya mmoja tu afu unanidai elfu ishirini na tano?" Juzi kati kuna mteja kaondoka kanuna, akaenda kijiweni kusema tunaibia watu. Gari yake dimu (taa ya chini) ilikua inawaka vizuri ila ukiweka fulu (taa ya juu ya kuona mbali) giza, na sisi tukabadilisha soketi moja ya glopu na kusafisha ethi mbili (pale waya wa kurudisha umeme unapofungwa kwenye bodi ya gari), basi. Soketi yenyewe bei ndogo kweli. Ila ile soketi tumeipata baada ya kupima karibu mfumo mzima wa taa za mbele, na hiyo ndo kazi yenyewe jamani, kujua tatizo liko wapi. Kubadilisha hata kijana anayejifunza anaweza.

Kwanza kuna kitu unaweza kuangalia mwenyewe, bure, kabla hujaja. Washa taa, sukuma mkono wa taa kuweka fulu, uangalie kile kitaa cha bluu kwenye dashibodi. Afu uvute mkono kama unampigia mtu pasi, yani kummulika fulu mara moja. Pasi ikiwaka na fulu haiwaki, usinunue glopu! Pasi inatumia waya zilezile za fulu ndani ya glopu, kwahiyo glopu nzima, na mara nyingi shida ni kontakti za ndani ya swichi ya kwenye usukani, zimechakaa au zimeungua. Pasi nayo ikigoma lakini kitaa cha bluu kinawaka, tunaanzia mbele, kwenye glopu, soketi na waya za huko. Bluu nayo ikikataa tunarudi kwenye fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na swichi. Ukituambia hayo tu kwenye simu umeshaturahisishia kazi.

Glopu za H4, zile za miguu mitatu ambazo Toyota nyingi za hapa mjini zinatumia, ndani zina nyuzi mbili, ya dimu wati 55 na ya fulu wati 60. Ndo mana dimu inaweza kuwaka na fulu imekufa. Watu wanabisha, "haiwezekani fulu ya kushoto na ya kulia zife siku moja." Hazijafa siku moja. Moja ilikufa zamani hukuiona, sababu mjini hapa na taa za barabarani huna haja ya fulu, umekuja kujua umeshapita Muheza usiku unaelekea Segera, mbele ng'ombe na bodaboda haina taa ya nyuma. Na ukibadilisha usiishike kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanafanya kioo kipate joto sana pale ulipogusa na glopu inakufa mapema.

Sasa tuje kwenye dairekti, mana hapa ndo hela za watu zinapotea. Magari mengi ya Kijapani swichi ya taa imefungwa upande wa ethi. Yani moto (umeme wa betri) unafika kwenye glopu moja kwa moja kupitia mguu mmoja, na ile swichi ya usukani kazi yake ni kuipa fulu au dimu ethi. Fundi asiyejua hilo anachomoa soketi, anabana testa (kitaa cha kupimia moto) kwenye bodi ya gari, anagusa mguu wa fulu, testa haiwaki. Anakwambia "waya wa fulu hauna moto." Anavuta waya toka kwenye betri, bila fyuzi, anauchomeka hapo. Glopu haiwezi kuwaka, sababu sasa ina moto pande zote mbili, na siku ukisukuma swichi ile ethi inakutana na moto wa betri uso kwa uso. Tumeletewa gari ya hivyo toka Pongwe, mwenyewe alilipa elfu tano kwa kazi ile akaona amepata fundi rahisi. Swichi ya usukani ilikua imeyeyuka ndani, waya zimeganda pamoja mpaka kwenye dashibodi. Swichi ya mtumba, waya mpya na kazi ya siku nzima na nusu, elfu tano ikageuka laki mbili na kitu. Na tatizo lake la mwanzo, tulipolitafuta, lilikua kontakti chafu tu.

Njia ya mkato nyingine ni glopu kubwa, zile za wati 100 kwa 90. Fulu ya wati 60 inakula kama ampia 5, ya 100 inakula zaidi ya 8, na ziko mbili. Waya na soketi za gari hazikutengenezwa kwa mzigo huo, plastiki inageuka kahawia, inalegea, inaungua. Fyuzi ikikatika, badala ya kujiuliza kwa nini, mtu anatoa ya bluu ya 15 anaweka ya kijani ya 30, au anaviringisha karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, inapitisha moto bila kukatika. Mi nikikuta karatasi ya sigara kwenye boksi la fyuzi najisikia vibaya kabisa, mana watoto wa mtu wanapanda gari ile.

Alafu sisi wa Tanga tuna chumvi. Gari inayolala karibu na bahari, Raskazone huko au inayokwenda Pangani kila siku, ethi zake zinaota ukijani, na ukiongeza kuosha injini kwa maji ya presha ndo basi. Hapo taa inaweza kuwaka ila imefifia. Tunapima voti pale kwenye soketi huku taa zinawaka, sio zimezimwa, mana zimezimwa kila kitu kitasoma vizuri. Betri ikisoma 13.5 na kwenye glopu ikafika 10.5, mwanga unapotea nusu au zaidi. Mteja kanunua glopu mara tatu, kumbe boliti moja ya ethi imeshika kutu.

Glopu za LED nazo zinaleta kesi nyingi. Kwenye gari hizo za swichi ya ethi, LED za bei rahisi zinakataa fulu, au kitaa cha bluu hakiwaki, na mwanga unatawanyika unampofua anayekuja. Canter nazo nyingi ni voti 24, na hizo usikubali kuwekewa glopu ya 12, itawaka kwa nguvu muda mfupi tu na kufa.

Swichi ya usukani ikibidi kufunguliwa, gari ikiwa na eabegi (mfuko wa hewa wa kwenye usukani) tunachomoa betri na kusubiri kwanza, hatuharakishi hata ukinuna. Kupima ni elfu kumi, ukitengeneza kwetu inaingia humohumo kwenye bei, na kifaa cha zamani tunakupa mkononi ukione. Ila kama gari imeshapigwa dairekti tuambie ukweli mapema, mana lazima tuondoe zile waya zote za nyongeza ndo tuanze kupima, na muda huo tunauhesabu.