Kwa mpwa wangu anayeuza canelé: waache masista wapumzike

Mwanangu,

Poleni na kazi za jikoni. Nimesoma maelezo uliyoweka chini ya picha ya canelé zako, vile vikeki vya ramu na vanila vya mji wa Bordeaux, Ufaransa, kwamba masista wa huko ndio waliozibuni, kwa unga uliomwagika bandarini na viini vya mayai walivyogawiwa na watengeneza mvinyo. Ni hadithi tamu, na Wafaransa wenyewe huisimulia. Ila ushahidi wake ni haba, na kwa maoni yangu inafunika mambo mazito zaidi.

Habari ya mayai inaingia akilini. Mvinyo mwekundu wa Bordeaux husafishwa kwa ute wa yai: ukitiwa pipani hunasa chembechembe na kuzama nazo chini. Pipa moja hula ute wa mayai kadhaa, na viini hubaki. Mji wenye mapipa kwa maelfu, hebu fikiria viini vyake.

Karne ya 17 walikuwapo pale mafundi walioitwa canauliers, wakioka vimikate vyepesi vya unga na viini. Walikuwa na chama chao. Wapishi wa keki nao walikuwa na chao, na wakawabana wenzao wasichanganye maziwa na sukari, kwamba hiyo ni haki ya wapishi wa keki peke yao. Kesi ikapanda mpaka baraza la mfalme, na mwaka 1755 canauliers wakapata ushindi. Mimi ugomvi huu naupenda kuliko masista wote!

Sasa, hiyo sukari ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, ilikolimwa na watumwa. Ramu nayo ni mtoto wa mashamba hayohayo ya miwa ya visiwani. Meli za Bordeaux zilibeba Waafrika zaidi ya laki moja kuwavusha bahari.

Vanila, ambayo wewe huiminya mpaka tone la mwisho, ina mtu wake. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon, sasa Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Kabla ya hapo mimea ilistawi pale bila kuzaa. Wenye mashamba wakatajirika. Edmond alikufa maskini mwaka 1880. Na visiwa vile vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi vilichota watu Madagaska na pwani yetu pia: mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka.

Canelé yenyewe, hii yenye ramu na vanila, ilishamiri karne ya 20 tu. Mwaka 1985 wapishi wa Bordeaux wakaunda chama cha kuilinda.

Kwa hiyo kwenye kikaratasi cha boksi, weka jina la Edmond. Nafasi inatosha ukiwatoa masista.

La mwisho ni la jiko. Rojo lilale kwenye friji usiku kucha, kalibu za shaba uzipake nta ya nyuki iliyochanganywa na siagi, na usizitoe mapema kwa kuogopa weusi. Ganda likaribie kuungua, ndani pabaki laini. Zile ulizonitumia zilikuwa nyeupe mno, mwanangu.

Shangazi yako